Modi ya Wanaotembea Polepole

Mume wa Mama Majalada alikuwa meya, na asicheke mtu. Alikuwa na mji wa wakazi elfu sitini na mbili, wenye mitaro inayopitisha maji na zimamoto wanaofika kabla nyumba haijaisha. Mji wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta, juu ya meza ya sebuleni, kati ya pasi na redio, na meya alikuwa dereva wa basi mstaafu aliyevaa kaptura na kandambili. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha basi kwenye njia alizopangiwa na watu wengine. Alipostaafu, binti yao mkubwa alimnunulia gemu la kujenga miji ili asije akazeeka kwa kukaa bure, na tangu siku hiyo mzee hakuambilika.

Mkewe hakulipenda gemu lile hata chembe. "Meya," alikuwa akimwambia akitoka kazini, "wananchi wako wana maji, lakini ndoo za jikoni kwako zimekauka tangu asubuhi." Meya alikuwa akijibu "naam, naam," macho kwenye skrini, na ndoo zilibaki zilivyo mpaka mkewe azichukue mwenyewe.

Yeye alikuwa mtunza majalada wa kliniki ya mifupa iliyo kando ya barabara kuu, na jina la Mama Majalada alipewa hukohuko. Miaka ishirini na sita katika chumba kimoja chenye rafu mpaka darini, na hajawahi kupoteza jalada. Mgonjwa akitaja jina tu dirishani, yeye alikwisha kunyoosha mkono. Alikuwa na sheria zake: namba kwanza, jina la ukoo, kisha aina ya ugonjwa, na karatasi ikijirudia mara mbili, moja inatupwa. Manesi wapya walimwogopa, na madaktari walimwamkia wa kwanza.

Jumatatu moja tangazo likabandikwa kwenye lango la kliniki. Barabara ingerekebishwa ili magari yasisongamane, na kituo cha basi kilichokuwa mbele ya lango kingehamishiwa ng'ambo, karibu na makutano yenye taa. Wasafiri wangevuka kwenye pundamilia. Mwenye maoni aje Alhamisi ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule iliyo jirani, naye angepewa dakika kumi.

Mama Majalada alilisoma tangazo lile mara mbili, la pili kwa sauti. Wagonjwa wake walikuwa watu wa magongo, watu wa plasta mpaka kiunoni, bibi waliovunjika nyonga, na karibu wote walikuja kwa basi. Sasa washuke ng'ambo, wavuke njia nne za magari, halafu warudi tena kuvuka wakati wa kuondoka?

"Mimi hapo ndiyo nimeaga," alisema fundi viatu, mgonjwa wa miaka mingi aliyetembea kwa magongo mawili na ulimi uliokuwa haupumziki. "Mama, jalada langu litunze vizuri, maana mwenyewe hutaniona tena. Nikivuka ile barabara nitafika nikiwa na mvunjiko mpya, na huo utahitaji jalada lake."

Watu kwenye foleni walicheka. Mama Majalada hakucheka. Alijua kwamba mgonjwa wa mifupa akikosa kliniki mara tatu, mguu unaungana upande, na hakuna wa kuurudisha. Aliwafahamu waliowahi kukata tamaa kwa mambo madogo kuliko hayo, na majalada yao yalikuwa rafu ya chini kabisa.

Akaenda kwa mkuu wa kliniki, sista mmoja mpole aliyekuwa na barua tatu mezani kuhusu jambo hilohilo.

"Nimewaandikia," sista alisema. "Wanasema wamefanya hesabu, na kituo chetu ndicho kinachoziba barabara. Basi likisimama, magari yote nyuma yanasimama. Na kusema kweli, yanasimama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anayepinga alete kitu cha kuonyesha. Maneno matupu wameshayasikia."

Mama Majalada alirudi nyumbani amefura. Akamkuta Meya mezani, na kwenye skrini basi dogo la kijani lilikuwa limesimama, watu wadogo wanashuka na kuvuka barabara. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, akavuta kiti akaketi.

"Hawa wanakwenda wapi?"

Meya aligeuka taratibu, asiamini masikio yake. "Huyu anakwenda kazini. Yule hospitali. Ukimbonyeza anakuambia."

"Unaweza kujenga barabara yetu humo? Ile ya kliniki, ilivyo hasa?"

"Barabara naweza. Lakini gemu hili halinipi kupanga sekunde za taa, wala kuchimba mfuko pembeni basi likaingia humo likashusha watu." Meya akakuna kidevu. "Kwa hayo unahitaji modi."

Akamweleza. Modi ni nyongeza zinazotengenezwa na watu wanaolipenda gemu, kila mtu kwao, na kugawiwa wengine bure. Vifurushi vya kulipia ni vile wenye gemu wanavyouza wenyewe. Alikuwa amesoma habari zake zote, lakini hakuwahi kuweka hata moja, kwa kuwa alisikia kwamba modi ikiingia vibaya mji mzima unaweza kugoma kufunguka. Mzee yule aliyewahi kushuka mlima na basi lililokatika breki aliogopa modi.

"Nitaziweka mimi," mkewe alisema. "Kupanga vitu mahali pake ndiyo kazi yangu."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana akaanza. Jambo la kwanza alinakili mji wa Meya na kuuhifadhi pembeni, kwa kuwa hakuna jalada linaloguswa kwake bila nakala. La pili alipakua modi kumi na nne: ya kupanga taa, ya kuchora njia upya, ya mifuko ya mabasi, ya alama za barabarani, ya miti, na nyingine ambazo Meya alizitaka kwa vile nafasi imepatikana. Mojawapo ilimfanya Mama Majalada aguse skrini kwa kidole. Mtu mmoja, Mungu ambariki popote alipo, alitengeneza modi inayowafanya wazee na wagonjwa katika mji watembee polepole, kila mmoja kwa mwendo wake. Katika gemu lenyewe, kikongwe na mwanajeshi walitembea sawasawa.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo."

Akazifungua zote na kuziweka kwenye folda ya gemu. Hapo ndipo alipoona jinsi mafaili yalivyoitwa. Mengine yalianza na namba ndefu zisizo na maana, mengine yana vistari, mengine herufi kubwa katikati ya neno kama yaliandikwa na mtu aliye mbioni. Zaidi ya hayo, kila modi ilikuwa na kijifaili kimoja chenye jina lilelile, neno kwa neno. Kumi na nne, jina moja!

Mtu mwingine angeyaacha. Mama Majalada hakuweza. Akakunja mikono ya gauni, akayabatiza upya: 001 Barabara Taa, 002 Barabara Mifuko, 003 Watu Wazee, mpaka 014. Vile vijifaili vya jina moja akabakiza kimoja, kumi na tatu akavitupa. Kisha akaegemea kiti, akaitazama ile folda iliyonyooka, akaridhika.

"Fungua mji wako, Meya."

Meya akafungua. Gemu lilifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida. Halafu mji ukatokea, na bora usingetokea. Barabara zote zilikuwa zambarau, magari yakipita katikati ya nyumba, na watu walielea hewani bila miguu. Uwanja mkuu, ambao Meya aliupanda miti mmoja mmoja kwa mwezi mzima, ulikuwa shimo. Kisha skrini ikawa nyeusi na gemu likajifunga.

Meya aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeniulia mji," alisema.

"Mji haujafa."

"Wananchi wangu hawana miguu!"

"Nakala ninayo. Wananchi wako wako salama kwenye droo. Kunywa chai."

Lakini Alhamisi ilikuwa imebaki siku tano, na alikuwa amekwisha mwambia sista kwamba ana kitu cha kuonyesha. Fundi viatu naye alikwisha kuwatangazia foleni nzima kwamba Mama Majalada amelishika jambo hilo, na watu walianza kumtazama dirishani kwa namna aliyoijua, kama wanavyomtazama daktari kabla hajasema. Jioni ile alilala amekunja uso hata usingizini, kwa maelezo ya Meya.

Jumapili asubuhi aligundua kitu kilichomfanya aliheshimu gemu lile kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na masjala yake. Kila lilipowashwa, liliandika ripoti, mstari baada ya mstari, nini limekitafuta, nini limekipata na wapi limekwama. Meya alijua ripoti ile ipo lakini hakuwahi kuisoma zaidi ya mistari miwili, maana ilikuwa kurasa arobaini za maandishi madogo. Mkewe akaichapisha yote, akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu. Kurasa arobaini za maandishi madogo ndizo alizolipwa mshahara kuzisoma.

Kwenye ukurasa wa sita akaacha kusoma, akaweka kalamu chini, akapiga paja kwa kicheko.

"Meya, njoo uone ujinga wangu. Linamwita mgonjwa kwa jina lake, na mimi nimembadilisha jina! Linaita, linaita, hakuna anayeitika."

"Na vile ulivyotupa?"

"Vilikuwa vyeti vyao. Kila modi inakuja na cheti chake, kinasema mimi ni fulani, nataka hiki na kile. Vinaitwa jina moja kwa sababu vyote ni vyeti. Kumi na tatu nimevitia kwenye takataka kwa mkono huu."

Alisema hivyo bila kujihurumia. Mtu ambaye hajapoteza jalada kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametupa kumi na tatu kwa mchana mmoja, naye alilikubali mbele ya mumewe, jambo ambalo Meya alilihesabu kuwa kubwa kuliko ule uwanja uliogeuka shimo. Akaenda akajaza ndoo zote bila kuambiwa.

Mama Majalada akaanza upya. Akapakua modi zote tena, safari hii bila kugusa majina, na akaziingiza moja moja. Akiweka moja, anawasha gemu, anasoma ripoti, anazima, anaweka ya pili. Meya alichoka kwenye ya nne. Kwenye ya saba gemu likagoma, na ripoti ikaeleza kwamba modi mbili zilikuwa zinagombania taa zilezile, kila moja inataka kuwa mkubwa. Akamtoa mmoja na ugomvi ukaisha. Saa nane mchana zilikuwa zimeingia kumi na mbili, na mji wa Meya umefunguka na miguu ya watu wote.

Ya mwisho ilikuwa ile ya wanaotembea polepole, nayo ikakataa. Akasoma cheti chake na kuelewa: modi yenyewe ilikuwa ya bure, lakini ilisimama juu ya kifurushi cha kulipia, kile cha mabasi na wasafiri. Bila kifurushi hicho, haikuwa na wazee wa kuwapunguzia mwendo.

Meya akakohoa. Binti yao alikuwa amemwahidi kifurushi kimoja, na kwa miezi miwili alikuwa ameshachagua: kiwanja cha mpira, chenye taa, majukwaa na mashabiki wanaopeperusha bendera. Alikuwa ametenga hata eneo, akalizungushia ua.

"Mabasi niliyaendesha miaka thelathini na mmoja," alisema kwa unyonge. "Nilitaka kupumzika na mabasi."

Mkewe alimtazama tu. Meya akatazama skrini, akatazama kile kiwanja kitupu chenye ua, akashusha pumzi, akachukua simu.

"Mwanangu? Ndiyo, baba yako. Kile kifurushi... hapana, si cha mpira. Cha mabasi. Hapana, sijaumwa."

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Walijenga kipande cha barabara kuu jinsi kilivyo: njia nne, makutano, shule, lango la kliniki na ukanda wa maua yaliyokauka mbele ya ukuta, ambao sista alikubali kuutoa sadaka. Meya alionekana kuwa na manufaa ambayo mkewe hakuyatarajia. Alikataa mfuko wa kwanza ambao mkewe aliuchora. "Basi halikunji kona kama baiskeli," alisema. "Hapa tako lake litabaki barabarani, na litaziba vilevile." Akaenda mwenyewe mpaka kliniki, akapima kwa hatua zake, akarudi na namba.

Mama Majalada naye alikaa dirishani kwake siku tatu na daftari. Kila aliyeshuka kwenye basi alimwekea alama: wa magongo, wa kiti cha magurudumu, wa kushikwa mkono. Alipata muda wa kumpima fundi viatu kwa saa ya ukutani, kutoka mlango hadi mlango wa ukumbi wa kliniki, umbali unaolingana na upana wa barabara kuu. Namba hizo zote akaziingiza kwenye modi, mwendo baada ya mwendo. Na Jumanne akachomoa waya wa intaneti, asije mtu yeyote akaliletea gemu mabadiliko kabla ya Alhamisi.

Siku ilipofika, waliibeba kompyuta ndani ya tenga la nguo, imefunikwa taulo. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele walikaa mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mwenye sauti ya kukata, na mhandisi wa barabara, kijana nadhifu mwenye michoro ya rangi. Alieleza mpango wake vizuri, bila majivuno. Kituo kikiondoka mbele ya kliniki, magari yatapita kwa nusu ya muda wa sasa. Watu wengine walipiga makofi, wenye magari hasa.

Zamu ya Mama Majalada ikafika. Meya akaunganisha waya, na mji ukatokea ukutani, mkubwa, na basi lake la kijani. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko.

"Jamani, tumeletewa mchezo wa watoto!"

Mama Majalada hakugeuka. "Watoto wako darasani. Huu ni wa mume wangu, na ana miaka sitini na mitatu."

Ukumbi mzima ukacheka, na safari hii ukacheka pamoja naye.

"Huu hapa ni mpango wa mhandisi," alisema. "Nimeujenga kama alivyouchora, sijapunja wala kuongeza." Akabonyeza. Basi likasimama ng'ambo, watu wakashuka, taa ikayazuia magari, wakavuka haraka haraka, magari yakapita. Safi kabisa. Mhandisi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na wale wenye magari wakaanza kunong'onezana kwamba huyu mama amekuja kuwasaidia.

"Mnaona wanavyovuka? Wote wana miguu mizuri. Sasa nitawarudishia wagonjwa wangu miguu yao wenyewe."

Akawasha modi.

Basi likasimama tena. Wakashuka walewale, lakini sasa mmoja alikuwa nyuma, mwingine nyuma zaidi, na wanne walikuwa wa magongo. Taa ikawaruhusu. Walipofika katikati ya barabara, sekunde kumi na nne zikaisha, taa ikabadilika, na magari hayakuweza kwenda kwa kuwa watu walikuwa bado barabarani. Basi la pili likafika na kushusha wengine. Magari yakapanga mstari mpaka makutano, yakayaziba makutano, yakaendelea mpaka kwenye lango la shule na kutoka nje ya picha. Hakuna aliyecheka tena.

Mhandisi alikuwa amesimama. Akasogea mpaka karibu na ukuta.

"Waongezee sekunde," alisema.

Akawaongezea. Watu wakavuka salama, na mstari wa magari ukawa mrefu maradufu.

"Punguza."

Akapunguza. Watu wakakwama katikati, pande zote mbili magari.

Mhandisi akageuka. "Mama, nisamehe, lakini hili ni gemu. Huyu mtu wako wa magongo anatumia sekunde thelathini na nne kuvuka. Namba hiyo imetoka wapi?"

"Imetoka kwake," Mama Majalada akasema, akanyoosha kidole. "Amekaa pale."

Fundi viatu akainua gongo moja juu kwa salamu.

Yaliyofuata hayakuwa kwenye ratiba. Mwenyekiti akasema kama ubishi ni wa sekunde, barabara iko nje, na saa anayo kila mtu. Ukumbi mzima ukatoka ukajipanga kando ya barabara kuu. Mhandisi mwenyewe akaingia barabarani, akainua mikono miwili na kuyasimamisha magari, saa imewashwa kwenye simu yake.

"Nenda kama siku zote," akamwambia fundi viatu. "Usijivute, usikimbie."

"Mwanangu, kukimbia niliacha zamani. Sema anza."

Akaanza. Gongo, mguu, gongo, mguu. Mama Majalada alizihesabu sekunde kimoyomoyo. Namba yake ikikosea hapa, kila alichoonyesha kule ndani ni katuni tu, na kituo kitakwenda. Fundi alifika katikati, akasimama kidogo kubadilisha mkono, maana ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote. Magari yakaanza kupiga honi. Akaendelea. Alipokanyaga ukingo wa pili, mhandisi alibonyeza simu, akaitazama, akaitazama tena.

"Thelathini na sita," alisema.

Meya alipiga ukelele uliowafanya wenye magari wadhani kumetokea ajali. Watu wakapokea, na makofi yalikuwa ya wote, hata wale wa honi walioshusha vioo kuuliza kuna nini. Fundi viatu, ng'ambo ya barabara, aliinama kama mshindi wa mbio, kisha akakumbuka jambo. "Sasa nani atanirudisha?" akapaza sauti, na Mama Majalada akacheka mpaka machozi yakamtoka, yaliyokuwa yakimngoja tangu Jumatatu ile ya tangazo.

Mhandisi alivuka mwenyewe akamshika fundi mkono, wakarudi pamoja, polepole, magari yakiwasubiri. Waliporudi ukumbini, hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda kwenye kompyuta.

"Sisi tulihesabu kana kwamba kila mtu anatembea kama mimi," aliwaambia watu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwungwana. Kisha akamgeukia Mama Majalada. "Nionyeshe mpango wako."

Akamwonyesha. Kituo palepale mbele ya lango, lakini kimechimbiwa mfuko kwenye ule ukanda wa maua. Basi la kijani likaingia lote, tako na kichwa. Wa magongo wakashuka na kuingia langoni kwa mwendo wao, bila kuvuka chochote, na nyuma yao magari yakapita bila kujua kwamba kuna basi. Mhandisi akauliza urefu wa mfuko. Meya akautaja kwa hatua, kisha kwa mita, na akaongeza bila kuulizwa kwa nini usipungue hata mita moja.

Mwenyekiti akataka mikono. Ikainuka mikono mingi mpaka akaacha kuhesabu, na wa mhandisi ulikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Mfuko ulichimbwa, ukamwagwa lami, ukapigwa rangi. Asubuhi ya basi la kwanza kuutumia, Meya alikuwa ndani ya basi hilo, amesimama nyuma ya dereva ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, akimwelekeza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye rafu za majalada. "Ingia! Ingia tena! Nafasi ipo, nimeipima mwenyewe!" Mama Majalada alifungua dirisha la upande wa barabara, jambo lisiloruhusiwa saa za kazi. Basi likaingia lote. Mlango ukafunguka, na akashuka bibi mmoja wa nyonga ambaye tangu lile tangazo hakuja tena, na jalada lake lilikuwa limeshushwa rafu ya chini kabisa, ya waliokata tamaa. Mama Majalada alimjua kabla hajataja jina. Bibi akatazama kulia, akatafuta barabara ya kuvuka, hakuiona. Akatazama lango, lilikuwa mbele yake. Akaanza kutembea, na nyuma yake magari yalipita.

Mama Majalada akainama, akalivuta jalada kutoka chini, akalifuta vumbi kwa kiganja. Bibi alipofika dirishani, lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

"Karibu, mama," alimwambia. "Tulikuwa tunakungoja."